Mwacheni Mwenzenu Alale

Batoto bangu wa chuoni Kasapa, sikilizeni. Waliosoma Kiswahili cha vitabuni wanisamehe hiyo "batoto bangu". Ndivyo tunavyosema hapa Lubumbashi. Mengine nitajitahidi kuyaandika kama nilivyofundishwa.

Juni imeingia. Mvua imekatika, vumbi jekundu limeanza kukaa juu ya majani ya miembe, na usiku baridi inapenya hadi chini ya blanketi. Ndio wakati gripu huwatembelea nyinyi mnaolala kwenye homu za chuo. Si kwamba baridi ndiyo inayozaa mafua hayo. Yanaletwa na virusi. Lakini baridi huwafanya mfunge madirisha, mkalala sita katika chumba kilichojengewa wawili: wenye vitanda juu, na wale mnaowaita wamakizari chini kwenye magodoro. Pumzi anayoitoa mmoja inaingia kifuani mwa mwingine mpaka kuche.

Nilipata kuingia chumba cha namna hiyo, katika chuo ambacho sitakitaja, nikimtafuta mjukuu wangu aliyekuwa akiumwa. Chini ya mlango wamesokomeza taulo. Kioo cha dirisha kilichovunjika wamekiziba kwa karatasi za silabusi ya mwaka uliopita. Katikati, mbabula yenye makaa mekundu, na kikombe kimoja cha plastiki kinazunguka. Vijana wanne wanakohoa kwa zamu. Nikaufungua mlango kabisa. "Kambo, baridi inaingia!" Nikawaambia baridi itawatetemesha tu, lakini hewa ya makaa katika chumba kilichofungwa haina harufu, na aliyelala nayo huenda asiamke. Pikeni nje, oteni moto nje, kisha ingieni mjifunike.

Mjukuu wangu mwenyewe hakuwemo. Alikuwa amekwenda kufanya jaribio la hesabu, homa yake mwilini.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana hayo mengine mnayajua. Mnajua kukohoa kwenye kiwiko na kunawa mikono kwa sabuni. Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa ajili ya Covid, nchi nzima ilifundishwa hayo, na kashne za kufunika pua na mdomo mlizivaa. Ndoo zenye bomba ziliwekwa kwenye kila mlango. Juzi nimeona moja inatunziwa makaa. Elimu haikupotea. Kinachowashinda ni kumruhusu mgonjwa abaki kitandani.

Mwenye gripu huanza kuambukiza siku moja hivi kabla hajajisikia vibaya, na huendelea siku tano hadi saba tangu augue. Ile siku ya kwanza hakuna wa kumlaumu. Lakini siku ya pili, anapopanda taksibisi akibanwa katikati ya watu, kisha akakaa saa tatu katika oditwari iliyojaa hadi kwenye ngazi, hiyo tumeitaka wenyewe. Yeye anaogopa sifuri. Na sisi walimu ndio tuliomfundisha kuogopa. Nimeshika chaki miaka mingi, na nilikuwa nikimsifu mbele ya wenzake aliyekuja darasani anatetemeka. Nilidhani namsifia bidii. Nilikosea.

Mji huu uliwahi kuona mafua yanavyofuata njia za watu. Mwaka 1918 ugonjwa uliwaka Cape Town mwezi wa Septemba, ukapanda treni, ukafika Bulawayo Oktoba, kisha ukafuata reli hadi huku Katanga, Lubumbashi ikiitwa bado Elisabethville. Reli hiyo ilikuwa imefika hapa mwaka 1910 kuja kuchukua shaba. Wafanyakazi wa migodi walilala wamesongamana kambini kama mnavyosongamana nyinyi, na wengi hawakupona. Virusi havina miguu, batoto. Sisi ndio tunaovibeba.

Lingine: msiseme haraka "ni gripu tu". Huku kwetu homa ina majina mengi. Mwishoni mwa 2024, kule Panzi, jimbo la Kwango, watu waliugua homa, kikohozi na maumivu ya kichwa, na dunia nzima ikaanza kuuita ugonjwa usiojulikana. Kufikia mapema Desemba walihesabiwa wagonjwa 406 na vifo 31, wengi wao watoto wadogo. Wataalamu walipopima wakakuta malaria kali, pamoja na maambukizi ya njia ya hewa, katika miili iliyodhoofishwa na utapiamlo. Kwa hiyo mwenye homa apimwe malaria kwanza, hata kama anakohoa. Na msimnunulie vidonge vya antibiotiki kwa kubahatisha kwenye duka la dawa pale njiani; hivyo huua bakteria, virusi havivisikii. Gripu ya kawaida inataka maji mengi, usingizi, paracetamol kwa kipimo, na uji moto.

Mgonjwa akianza kupumua kwa shida, kifua kikimbana, akiropoka maneno yasiyoeleweka, au homa ikirudi kwa nguvu baada ya kupoa, msingoje asubuhi. Mpelekeni hospitali usiku huohuo. Mwenye pumu, mwenye selimundu na mjamzito wasingojewe wafike huko. Waende kwa daktari mapema. Mwenzenu anayeishi na selimundu mnamjua chumbani, hata kama hapendi kuisema.

Sasa kazi ninayowapa ni ndogo. Kabla mtu hajaugua, kila chumba kipange nani atamnakilia nani masomo, nani atamletea sahani ya bukari na kuiacha mlangoni, na wamakizari watahamia kwa nani usiku huo. Mgonjwa akilazimika kutoka, avae kashne. Dirisha libaki wazi japo vidole viwili. Asirudi darasani kabla siku nzima haijapita bila homa, na bila dawa ya kuishusha. Wenzangu walimu, aliyelala kwa homa mpeni jaribio lake siku nyingine. Hamtapungukiwa na kitu.

Na wewe shefu wa promosyo, kiongozi wa darasa, usiwaache wagonjwa waende mmoja mmoja kumbembeleza asistenti wa mwalimu. Kesho, kabla ya somo la kwanza, simama mbele ya oditwari na karatasi, uandike majina mawili mawili: huyu atamwandikia yule. Kisha mpelekee asistenti nakala, mapema, kabla hajakohoa mtu.