Kagua Vishada Kabla ya Kubariki

Somo: Hesabu 15:37–41, Mathayo 5:23–24

Wapendwa, majuzi ndugu mmoja aliyetoka safari ya Yerusalemu aliniletea taliti, ile shela ya maombi ya Wayahudi. Akaniambia, "Pasta, ibariki ipate upako." Nikamwambia, "Ndugu yangu, hebu keti kwanza." Maana Wayahudi wenyewe hawabariki kitambaa.

Sikiliza wanavyofanya. Mungu alimwagiza Musa kwamba wana wa Israeli watie vishada kwenye ncha za nguo zao, ili wakiviona wakumbuke amri zake. Taliti ina ncha nne, na kila ncha inaning'inia nyuzi nane. Asubuhi, Myahudi akiwa bado ameishika mkononi, humbariki Mungu, Mfalme wa ulimwengu, aliyewatakasa kwa amri zake na kuwaagiza wajitande vazi la vishada. Halafu ndipo anajitanda, papo hapo. Anayebarikiwa ni Mungu. Usiku baraka hiyo haisemwi, kwa sababu vishada ni vya kuonekana.

Lakini kuna jambo lililonichoma. Kabla hajafungua kinywa, anatakiwa avikague vishada. Je, kuna uzi umekatika? Maana vikiwa vibovu, amri haijatimizwa, na jina la Mungu limetajwa bure. Tena Shulchan Aruch, kitabu cha sheria cha Rabi Joseph Karo kilichochapwa Venice mwaka 1565, kinasema vishada vya sufu ya wizi havifai. Torati imesema wajifanyie. Basi nyuzi ziwe zao. Na walimu wao wa kale walifundisha kwamba mtu akiiba ngano, akaoka mkate, akaubariki, huyo anamtukana Mungu.

Niliposoma hapo, nilikumbuka suti yangu ya kijivu. Fundi aliyeishona ni mama wa kanisa hili. Nililipa nusu, nikamwambia, "Mwisho wa mwezi, mama." Miezi saba ikapita! Kila Jumapili nasimama madhabahuni na hiyo suti, nimeinua mikono, nasema, "Asante Bwana kwa kunivika!" Na mama wa watu ameketi safu ya tatu, anaitikia Amina. Hajanidai hata siku moja.

Jumatatu nilienda kwake, nikampa pesa yake yote, nikaomba msamaha. Alinyamaza kidogo, akasema, "Pasta, nilikuwa nimeacha kusikia mahubiri. Nilikuwa naangalia mishono tu."

Wapendwa, usiku huo sikulala.

Sisi hatujawekewa sheria ya vishada. Lakini Yesu alituambia, ukifika madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka yako hapo, uende mkapatane kwanza. Si ni kukagua nyuzi huko? Unayemshukuru Mungu kwa duka, yule kijana wa kazi umemlipa? Unayeshukuru kwa shamba, ndugu yako alipata sehemu yake?

Ile taliti nilimrudishia ndugu yetu. Tuliomba pamoja, na maombi yenyewe yalikuwa ya toba.

Wiki hii, kabla hujasema "Asante Bwana," kagua. Ukikuta uzi umekatika, nenda ukaushone.

Tuombe: Bwana, nionyeshe uzi uliokatika kabla sijafungua kinywa changu. Kwa jina la Yesu. Amina.