Kalamu ya Rangi ya Bahari: Je, Ni Vibaya Kumiliki Kitu cha Bei?



Leo tutafakari kuhusu kalamu. Ndiyo, kalamu. Mwaka 2017 kampuni ya Pelikan ya Ujerumani ilitoa toleo maalumu la kalamu yake ya wino, Souverän M800, ikaliita Ocean Swirl. Mwili wake una bluu na kijani vinavyozunguka ndani ya weusi, kama maji ya kilindini yakipigwa na mwanga. Nibu yake ni ya dhahabu ya karati 18, na bei yake ni mamia ya euro. Mimi nimeishia kutazama picha tu, na kwa kweli inavutia.

Matoleo ya namna hii hayatengenezwi siku zote. Kwa hiyo wako wanaoyanunua na kuyafungia kabatini, maana kalamu isiyowahi kutiwa wino ndiyo inayopata bei nzuri zaidi baadaye.

Sasa swali: Mkristo anaweza kumiliki kitu kama hiki kwa dhamiri safi, wakati jirani yake amekosa hela ya dawa?

Wengi tutajibu haraka: aiuze, awape maskini. Ila jibu hilo lilishatolewa kule Bethania. Mariamu alipompaka Yesu marhamu ya nardo, Yuda aliuliza kwa nini isiuzwe kwa dinari 300, karibu ujira wa kibarua wa mwaka mzima. Yesu akamtetea Mariamu. Bwana hachukii uzuri. Bahari yenyewe ameipaka rangi zote zile, na mtoto wa mvuvi wa Bagamoyo anazitazama kila asubuhi bila kulipa hata shilingi.

Lakini angalia kilichotokea kwa yale marhamu: yalimwagwa. Marko anasema chupa ilivunjwa, Yohane anasema nyumba nzima ilijaa harufu. Kila aliyekuwemo alipata sehemu yake. Mariamu angeitunza ile chupa mpaka bei ipande, nani leo angemkumbuka?

Sasa tazama juu ya kifuniko cha kalamu yetu. Kuna picha ya mwari, ndege ambaye Wajerumani humwita pelikani, pamoja na kinda lake. Nembo hiyo ilisajiliwa mwaka 1878, ikitoka kwenye ngao ya ukoo wa mwenye kampuni, Günther Wagner. Wakristo wa kale walisimulia kwamba mwari hujidonoa kifua awanyweshe makinda damu yake. Ndege halisi hafanyi hivyo, ila Kanisa liliona humo picha ya Kristo katika Ekaristi, ndiyo maana utamkuta mwari amechongwa kwenye altare na tabernakulo nyingi. Hata wimbo Adoro te devote, tunaoupokea kutoka kwa Mtakatifu Thomas wa Akwino, unamwita Yesu kwa jina la ndege huyo.

Basi fikiria: alama ya yule aliyejimwaga hadi tone la mwisho, imefungiwa kwenye boksi isije ikapoteza tone la kwanza!

Hata hivyo tusijidanganye kwamba ukiitumia tu, mambo yameisha. Kanisa linafundisha kuwa mali ya dunia imekusudiwa watu wote, na Mtakatifu Yohane Krisostomo alihubiri kwamba kumnyima maskini ni kumwibia. Kwa hiyo, kabla ya kununua kitu cha bei, najiuliza maswali mawili. Je, kuna mtu anayekosa haki yake ili mimi nipate hiki? Na nikishakipata, kitamfaa nani zaidi yangu?

Wengi wetu hatutaishika kalamu ile kamwe. Lakini tuna vyetu tunavyovifungia: sauti nzuri ambayo eti kwaya ya parokia haiistahili, elimu tunayoogopa kumgawia mdogo wetu, muda. Na ujana hautengenezwi mara ya pili.

Wiki hii chukua kalamu yoyote, hata ile ya kioski. Mwandikie barua bibi yako, au rafiki aliyelazwa hospitali. Andika kwa mkono, ukurasa mzima, wino ukiisha tafuta mwingine.

Ee Yesu, uliyejitoa wote kwa ajili yetu, utufundishe kujitoa. Amina.

Tafakari njema!