Mateso Hayafundishi Kinanda

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana bila hilo nisingekuwa na la kuandika.

Mimi ni mhudumu wa vijana hapa Nyarugusu. Jioni tatu kwa wiki tunakaa na kinanda cha vitufe 61 tulichoachiwa na kwaya moja. Fa moja imekufa kabisa, na betri ya sola ikiisha, basi na somo limeisha. Kwenye kinanda hicho nilijifunza bluzi na bugi-wugi, kwa masomo niliyopakua kwenye simu, kisha nikaanza kuwafundisha wengine kile kidogo ninachojua.

Mwaka jana, Siku ya Wakimbizi, wageni walikuja. Binti mmoja wa miaka 16 alikuwa tayari kupiga. Kabla hajakaa, nilishika maiki nikaeleza vile alivyovuka Ziwa Tanganyika usiku akiwa mdogo, na nani hakufika ng'ambo. Watu wakafuta machozi. Akapiga, makofi yakawa mengi. Mgeni mmoja akaniambia, "Ndiyo maana anapiga bluzi vizuri hivi. Ameteseka." Nami nikaitikia, eti ndiyo.

Binti hakurudi kituoni wiki tatu. Aliporudi alisema hivi: "Kaka, siku ile ulisema yote ya ziwa. Mbona hukusema kwamba nimefanya mazoezi miezi saba?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimebaki na swali: je, ni kweli mateso yanampa mtu muziki? Na kama si kweli, kwa nini tunapenda sana kusema hivyo?

Acheni niwaeleze kile alichofanya miezi saba. Bluzi ya kawaida ina vipimo 12, kila kimoja mapigo manne, na kodi tatu tu. Ukianzia do: do vipimo vinne, fa viwili, do viwili, sol kimoja, fa kimoja, do viwili. Halafu unarudi mwanzo. Kwenye karatasi ni kitu cha dakika tano. Lakini katika bugi mkono wa kushoto unagonga mara nane kila kipimo, bila kusimama, na wakati huohuo wa kulia unatembea unakotaka, unachelewa, unateleza kutoka kitufe cheusi kwenda cheupe. Wiki za kwanza mikono inagombana. Wa kulia ukichelewa, wa kushoto nao unataka kuusubiri. Unapiga wa kushoto peke yake mpaka kiwiko kinauma na majirani wanakuchoka. Hakuna siku niliyokumbuka vita kisha mkono wangu wa kushoto ukanyooka. Ulinyooka kwa kurudia.

Nikaanza kusoma habari za wenye muziki huu. Bluzi ilizaliwa kusini mwa Marekani kati ya Waafrika wa kule, watoto na wajukuu wa watumwa. Bugi ilipigwa kwenye kambi za wakata miti huko Texas. Neno kambi lilinishtua kidogo, ingawa kambi zao hazikuwa kama yetu. Baadaye, kati ya miaka ya 1910 na 1970, karibu watu milioni 6 waliondoka kusini kwenda miji ya kaskazini na magharibi. Chicago, mtu akikosa pesa ya nyumba alifanya sherehe: unalipa mlangoni, unakula, mpiga piano anapiga mpaka usiku wa manane. Yaani kodi tatu zililipa kodi ya nyumba! Sisi tungeita mchango.

Mmoja wao ni Meade Lux Lewis. Mwaka 1927 alirekodi kipande chake cha piano kinachoiga mwendo wa treni. Miaka michache baadaye alikuwa anaosha magari Chicago. Desemba 1938 akapiga Carnegie Hall, New York. Hapo ndipo nilipoelewa. Treni ile alikuwa nayo vidoleni kabla ya kuosha magari. Dhiki haikumpa mikono ile. Dhiki ilikaribia kuificha.

Kama mateso yangekuwa mwalimu wa muziki, kambi hii ingejaa wapiga kinanda hodari. Wako wapi? Wengi wako foleni ya maji. Mateso yanakula muda, na muda ndio mazoezi.

Tena kuna jambo zito zaidi. Tukisema mateso ndiyo yaliyotupa kipaji, basi aliyetutesa ametufadhili. Mwenye watumwa atadai sehemu yake katika bluzi. Waliochoma nyumba zetu tungewaandikia barua ya asante. Mimi siandiki barua hiyo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: na haki ya yule binti ni miezi yake saba.

Mzee mmoja wa kwaya alinipinga. "Mwanangu," alisema, "wimbo usio na machozi ni kelele tu." Nilimheshimu, na bado nafikiri maneno yake. Ni kweli mtu anapiga kwa kile alichonacho moyoni, na huzuni imo. Huenda huzuni inampa mtu la kusema. Lakini namna ya kulisema anaitafuta mwenyewe, jioni baada ya jioni. Na mbona hatuulizi furaha yake imetoka wapi? Bugi ni muziki wa kuchezesha watu. Aliyevuka ziwa usiku ana haki pia ya kupiga kitu kwa sababu tu kinamfurahisha.

Nilimwomba radhi. Nikamwambia safari nyingine atachagua mwenyewe nitakachosema, hata akitaka niseme ya ziwa, maana habari ile ni yake. Alifikiri kidogo. "Sema nitapiga vipimo 12 mara sita, na mkono wa kushoto hautasimama."

Basi nawaomba jirani zangu, na ninyi mnaotuhudumia. Ukimwona kijana wa hapa anafanya kitu vizuri, awe fundi cherehani, mchora picha au mpiga kinanda, usikimbilie kumuuliza alipotoka. Muulize alianzaje, ni sehemu gani ilimshinda, nani alimwelekeza. Atakujibu muda mrefu.

Juzi alipiga tena. Nilitangaza vilevile alivyotaka, nikakaa chini. Mzunguko wa tano alikosea, kwa sababu ya ile fa iliyokufa. Mkono wa kushoto haukusimama.