Udongo na Hesabu ya Wafu

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Utotoni nilidhani ni utani tu juu ya akina mama wauza vyungu gulioni. Kumbe methali hii ni swali zito: kwa nini aliyebeba kazi yote ndiye abaki na kigae?

Hebu tuanzie mbali. Mwaka 2014 msanii Paul Cummins na mwenzake Tom Piper walijaza maua mekundu ya udongo wa kuchoma katika handaki la ngome ya Tower of London. Maua 888,246! Ua moja kwa kila askari wa Uingereza na makoloni yake aliyekufa katika Vita Kuu ya Kwanza. La mwisho lilichomekwa tarehe 11 Novemba. Kisha yakauzwa pauni 25 kila moja, yakatawanyika majumbani.

Kazi nzuri, nani akatae? Lakini, ndugu msomaji, sanamu inayohesabu wafu hutegemea daftari, na daftari lina mwandishi wake. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi ni wa Afrika Mashariki na Misri. Wapagazi wetu wamo humo, wale wale walioiachia Dar es Salaam jina la Kariakoo.

Na huku Buha je? Mwaka 1916 Wabelgiji waliwanyang'anya Wajerumani Kigoma, wakasonga hadi Tabora, wakatutawala mpaka 1921. Jeshi lisilo na barabara hutembea juu ya vichwa vya watu. Aliyebebeshwa mzigo wa Mjerumani au wa Mbelgiji hayumo katika daftari la London, hata likirekebishwa leo. Sasa jamani, tumsubiri nani?

Wapo watakaosema tusimamishe shaba, kama Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927. Mimi nasema tufinyange wapagazi wa udongo, tuwachome, tuwaweke wazi kando ya barabara ya Kasulu na Kibondo. Najua nitapingwa: udongo uliochomwa kwa kuni hunywa maji, na mvua za huku si mchezo. Utameguka. Kweli kabisa.

Tena kuna pingamizi kubwa zaidi, nalo najitolea mwenyewe. Kumpa aliyesahauliwa kitu kinachovunjika, si kumlisha gaeni mara ya pili?

Ingekuwa hivyo kama tungefinyanga mara moja tukaondoka zetu. Shaba haimdai mtu kitu. Unaizindua, unapiga makofi, basi. Udongo unadai. Wazee wa pwani walipachika bakuli za kaure katika makaburi ya Kunduchi na Kaole. Mahali pengine yamebaki mashimo tu, na hakuna aliyerudisha bakuli. Shimo lile linatusema sisi tulio hai.

Kwa hiyo heshima naipima kwa mikono inayorudi. Kila mwaka mvua zikikatika, waliovunjika wafinyangwe upya, na mtoto anayekanda udongo aambiwe ni kwa ajili ya nani. Mwaka tutakaoacha kurudi, vigae vitatushitaki hadharani, na itakuwa haki.

Wewe kijana mwenzangu wa Kibondo, utakuja na ndoo yako ya udongo?