Huuzwa Nini Katika Nyongeza za Michezo?

Tumeulizwa na baadhi ya wazee wa mji wetu, ambao wana vijana wao katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia huko Juja: pesa za matumizi tuwapelekeazo kwa M-Pesa, yafaa wazitoe kununua nyongeza za michezo ya video? Mmoja alitaka tujibu kwa neno moja, ya kuwa ni upuuzi. Neno hilo hatulisemi. Mzee aendaye uwanjani kutazama mpira hulipa kiingilio, naye hurudi mikono mitupu, wala hatumwiti mpumbavu. La kuulizwa ni hili: mnunuzi apata nini, na je, akijua kabla ya kulipa?

Vitu vyenyewe huitwa kwa jina moja, walakini havifanani. Mwaka 2016 kampuni ya CD Projekt ya Poland ilitoa Blood and Wine, nyongeza ya mchezo wa The Witcher 3: nchi mpya na hadithi mpya ya masaa ishirini na zaidi, kwa dola 20. Ainunuaye ni kama anunuaye kitabu cha pili cha hadithi aliyoipenda. Hatuoni ubaya, maadamu ada ya chuo imekwisha kulipwa.

Ubaya twauona katika pakiti za wachezaji za FIFA Ultimate Team, mchezo ambao tangu 2023 waitwa EA Sports FC. Katika pakiti nyingi kijana hulipa kwanza, kisha ndipo ajue ametokewa na nani. Huku ni kuuziwa mbuzi ndani ya gunia, na wanazuoni wa fiqhi waliliita jambo hili gharar karne nyingi kabla ya umeme. Tume ya kamari ya Ubelgiji, ambayo haikusoma fiqhi, iliamua mwaka 2018 ya kuwa pakiti za namna hii ni kamari, na mwaka 2019 kampuni ikaacha kuuza huko sarafu za kuzinunulia. Kampuni huchapa asilimia za kupata; lakini kutaja asilimia si kuonyesha mali. Na toleo la mwaka mpya litokapo, kikosi alichokikusanya hakimfuati.

Liko na jengine. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ya Ubisoft ilizima mitambo ya The Crew, mchezo wa magari wa mwaka 2014, na walioulipia wakashindwa kuucheza hata peke yao. Ikadhihirika kwamba hawakununua. Walikodi, na muda wa kukodi hawakuambiwa. Ijara ni halali, lakini nani akodiye nyumba Thika asijue atatolewa lini?

Kijana alipaye kwa mechi au kwa saa katika banda la michezo pale Juja huenda akachekwa na mwenziwe aliye na mashine chumbani. Walakini yeye ajua amelipia nini, na saa ikiisha huinuka akaenda zake.