Nyasi za Mtaroni na Haki ya Mnunuzi

Katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, mkulima mwenye trekta na mashine ya kufungia marobota huweza kujiongezea kipato kwa kukata nyasi za mtaroni, yaani zile ziotazo kati ya lami na uzio wa shamba, akazikausha na kuziuza kuwa chakula cha ng'ombe. Na kwa kuwa hakuzipanda wala hakuzitilia mbolea, kazi hiyo huibua swali la kale: mtu humilikije kitu kilichoota chenyewe mahali panapotumiwa na wote?

John Locke, katika maandishi yake ya mwaka 1689 kuhusu serikali, alijibu kwamba jasho la mtu ndilo linalokitoa kitu katika milki ya wote, mradi wengine wabakiziwe cha kutosha na chenye ubora uleule. Fikihi, yaani elimu ya hukumu za matendo katika Uislamu, ilikwisha kulijadili jambo hilo karne nyingi kabla yake, ikianzia kwenye hadithi inayowafanya watu kuwa washirika katika maji, malisho na moto. Wanazuoni wa madhehebu ya Kihanafi waliona kwamba nyasi zilizoota zenyewe ni mubaha, yaani ruhusa kwa yeyote, hata zikiwa katika ardhi ya mtu, mpaka zikatwe na kukusanywa, na hapo ndipo mkataji huzimiliki na kuweza kuziuza. Wale wa madhehebu ya Kishafii, ambao ndio wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, huelekea zaidi kumpa mwenye ardhi haki hiyo. Sheria ya Minnesota imemwingiza mshirika mwingine kabisa, kwani ukiacha futi 8 za kwanza kutoka ukingo wa barabara, mitaro ya mashambani kwa kawaida haifyekwi kabla ya Julai 31, ili ndege wanaotaga ardhini wamalize kulea makinda yao.

Hata hivyo, uzito wa suala uko katika kuuza kuliko katika kumiliki. Robota likishafungwa, cha ndani hakionekani. Nyasi zilizofungwa zikiwa na unyevu unaozidi takriban asilimia 20 huota ukungu, hupata joto, na pengine huwaka moto zenyewe ghalani. Na kipande cha waya kilichotupwa barabarani, kwa kuwa ng'ombe humeza kabla ya kutafuna sawasawa, huzama katika retikulamu, chumba cha tumbo chenye sura ya sega la nyuki kilicho jirani na moyo, kikaweza kukitoboa na kuufikia moyo wenyewe. Hapa inafaa kuikumbuka hadithi iliyopokewa na Muslim, ambamo Mtume (S.A.W.) aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni, vidole vikakuta umajimaji, naye akamhoji muuzaji kwa nini hakuuweka juu watu wauone.

Wapo wanaojitetea kwamba bei ya chini inatosha kumtahadharisha mnunuzi. Hoja hiyo haisimami, kwa sababu bei hudokeza kwamba bidhaa ni hafifu bila kueleza uhafifu wenyewe, na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa anahitaji kujua barabara zilikotoka nyasi, kama mtaro ulinyunyiziwa dawa ya magugu, na kama takataka ziliokotwa kabla ya kufyeka. Mambo hayo mara nyingi hayajui mwingine ila muuzaji.