Kazi na Pumziko Katika Sinema

Mwenyezi Mungu aliumba mbingu na dunia kwa siku sita, na siku ya saba akapumzika. Ndivyo kifundishavyo kitabu cha Mwanzo. Basi kazi si aibu, wala pumziko si uvivu. Vyote viwili vyatoka kwa Mungu. Wakatekumeni na walishike neno hili, kwa kuwa yuko mwalimu mwingine afundishaye habari za kazi na pumziko, naye hana ubao wala katekisimu. Mwalimu huyo ni sinema.

Tarehe 28 Desemba 1895, mjini Paris katika Ufaransa, ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, waliwaonyesha watu filamu zao kwa malipo. Zilikuwa filamu kumi, fupi sana. Mojawapo ilionyesha wafanyakazi wakitoka katika kiwanda cha ndugu hao mjini Lyon. Mlango umefunguka, wanawake na wanaume wanatoka kwa haraka, mbwa anapita kati yao, kisha wote wametawanyika. Ni hayo tu. Aliyetazama aliona furaha ya kutoka. Kazi yenyewe hakuiona, maana ilibaki nyuma ya mlango.

Tangu hapo filamu nyingi zimefuata njia ile ile. Zaonyesha watu wakila, wakicheza na kusafiri. Jasho lao halionekani. Lakini ziko nyingine zilizoufungua mlango. Mwaka 1936 Charlie Chaplin alionyesha katika filamu yake Modern Times mtu anayekaza nati kiwandani mchana kutwa. Hata akiacha kazi kidogo, mikono yake yaendelea kutikisika kana kwamba ingali inakaza. Wakuu wa kiwanda wanajaribu mashini ya kumlisha, ili asipoteze saa ya chakula. Nayo inaharibika na kumpigapiga usoni. Watu walicheka, lakini waliambiwa kweli: mtu si kipande cha mashini, na asiyepewa pumziko huharibika.

Mwaka huo huo wa 1936 Baba Mtakatifu Pius XI aliandika barua juu ya sinema, iitwayo Vigilanti Cura. Alifundisha kwamba mtu aliyechoshwa na kazi anahitaji kuburudika, lakini kwa burudani impasayo mtu mwenye akili na roho. Nao wamisionari hawakuudharau mchezo. Katika miaka ya 1950, huko Kasai, Padri Albert Van Haelst wa shirika la Scheut alitengeneza filamu za Matamata na Pilipili, na watu wakacheka sana. Kicheko chema baada ya kazi ni zawadi ya Mungu.

Basi hatari iko wapi? Leo filamu zimefika hata vijijini, ndani ya simu. Kijana anatazama usiku mtu mwenye nyumba nzuri, gari na meza iliyojaa vyakula. Hamwoni akilima hata siku moja. Asubuhi kijana huyo anatazama jembe la baba yake kwa dharau. Amedanganywa na jambo asiloonyeshwa. Vyakula vile viko aliyevilima, na yuko aliyevipika, na yuko atakayeosha sahani. Filamu imewaacha nyuma ya mlango.

Lakini asiyetazama filamu asijisifu upesi. Hata kijijini mlango huo upo. Siku ya Dominika, baada ya Misa, baba wa nyumba anaketi chini ya mwembe pamoja na rafiki zake. Anasema: «Leo ni siku ya Mungu, tunapumzika.» Nyuma ya nyumba mama anatwanga sombe, naye binti anarudi mtoni mara ya pili na ndoo kichwani. Je, ni nani aliyepumzika?

Amri ya Mungu haikumpa pumziko bwana wa nyumba peke yake. Ilimtaja mwana na binti, mtumishi na mgeni, hata ng'ombe na punda. Tena Musa aliwakumbusha Waisraeli kwamba wao wenyewe walikuwa watumwa katika Misri. Apumzikaye juu ya mgongo wa mwenzake hajaishika vema siku ya Mungu.

Bwana Yezu alifanya kazi ya useremala huko Nazareti. Na Mitume walipochoka, hata hawakuwa na nafasi ya kula, aliwaita mahali pa faragha wapumzike. Alijua kazi kwa mikono yake. Kwa hiyo aliona uchovu wa wengine. Mkatekumeni na amfuate Bwana huyo. Jumamosi vijana wa kiume wachote maji na kukata kuni pamoja na dada zao. Dominika baba aone kwamba mama naye ameketi.

*Swali: Je, kutazama filamu ni dhambi?*
Jibu: La. Filamu njema baada ya kazi ni burudani halali. Ni vibaya kutazama machafu, au kuacha Misa, sala na kazi kwa ajili ya filamu.

*Swali: Mkristu aulize nini anapoona mtu akistarehe katika filamu?*
Jibu: Aulize: Ni nani anayefanya kazi ili huyu astarehe? Kisha aulize neno hilo hilo nyumbani mwake.

*Swali: Dominika inashikwaje?*
Jibu: Kwa kumwabudu Mungu katika Misa, kuacha kazi nzito, na kuwapumzisha wote wa nyumbani.